Nilivyopimwa nguvu ya moyo kwa sindano ya mionzi kabla ya kemo

Mnaosubiri kemo, yaani dawa za saratani, someni hii, mimi maneno ya watu yalininyima usingizi siku tatu nzima. Nilikuwa naanza doksorubisini, ile dawa nyekundu, daktari akasema kwanza moyo upimwe unasukuma damu kiasi gani maana hiyo dawa inaweza kuudhoofisha. Kusikia tu sindano ya mionzi, shangazi akanikataza kumshika mwanangu mwezi mzima, mwingine eti mashine inachoma kifua. Jamani si kweli! Ile mashine ni kamera, haitoi mionzi, inapokea tu ile inayotoka mwilini, na teknesiamu, yaani ile dawa ya mionzi wanayokuchoma, nguvu inapungua nusu kila masaa 6. Mimi niliambiwa ninywe maji mengi nikojoe mara kwa mara, na siku ile nisimpakate mtoto muda mrefu, basi.

Sindano zilikuwa mbili. Ya kwanza ina madini ya bati kidogo, unakaa kama nusu saa, ya pili ndo teknesiamu, na lile bati ndo linaifanya ing'ang'anie kwenye chembe nyekundu za damu.

Kilichoniharibia ni mafuta. Asubuhi nilioga nikajipaka mwili mzima kama siku zote, hakuna aliyenikataza. Wakanibandika kifuani vibandiko vya waya za ECG, kile kipimo kinachochora mapigo ya moyo kwa mstari, nikalala chali, mkono wa kushoto juu ya kichwa. Dakika chache tu mtaalamu anakunja uso, kumbe kibandiko kimoja kimeteleza mpaka mbavuni. Akanigeuzia skrini nione: mstari ukichongoka juu kamera inajua pigo jipya limeanza, inaligawa vipande 16, halafu vipande vya kwanza vya mapigo yote inavirundika pamoja, vya pili pamoja, hivyo hivyo mamia ya mapigo mpaka picha ya moyo ikae sawa. Mstari ukivurugika vipande vinachanganyikana, na yangu ilikuwa ukungu mtupu. Nikaanza kulia nikijua nachomwa sindano tena. Sista akaniambia, "Usilie mama, dawa bado imo kwenye damu." Wakanifuta kifua kwa spiriti, wakabandika upya, tukaanza mwanzo. Safari hii niliomba mto chini ya kile kiwiko maana mkono ulishakufa ganzi, na nikawa nahesabu pumzi zangu kimya kimya, za kawaida tu, bila kuzibana. Nilifika mia na kitu nikasikia tumemaliza.

Nilipata 62. Yaani chemba ya kushoto ikijaa damu, asilimia 62 inatoka kwa kila pigo, na kuanzia 50 kwenda juu ni salama. Katikati ya matibabu nikarudi kupimwa kwa njia ile ile, na ninyi msikubali leo hii kesho ultrasaundi halafu namba zilinganishwe kana kwamba ni kipimo kimoja. Nikapata 58. Daktari akaziangalia zote mbili, akasema moyo umehimili, tunaendelea na dozi. Kifua siku hiyo kilikuwa kikavu kabisa.