Spika kwanza, wati baadaye: kuchagua ampu ya gita la besi

Mpiga besi wa Kisumu akilalamika kwamba hasikiki jukwaani, ushauri anaopewa karibu kila mara ni mmoja: tafuta ampu, yaani kikuza sauti, yenye wati nyingi zaidi. Pesa zinaisha, besi inabaki palepale. Wati ni kuni, spika ni jiko. Jiko bovu litakula mzigo mzima wa kuni na ugali usiive.

Hesabu yake si ngumu. Spika hupimwa usikivu wake kwa kulishwa wati 1 na kusikilizwa umbali wa mita 1. Chukua kabineti, yaani boksi la spika, yenye usikivu wa desibeli 92 uilishe wati 500, kisha chukua ya desibeli 98 uilishe wati 125. Zote mbili zitafika desibeli 119. Yaani mwenye ampu ndogo na kabineti nzuri anakwenda sawa na mwenye ampu kubwa mara nne. Kuongeza wati maradufu huleta desibeli 3 tu, tofauti ambayo katikati ya ngoma na magita hutaisikia vizuri. Ili masikio yaone sauti imekuwa kubwa mara mbili, unahitaji karibu desibeli 10, na hizo ni wati mara kumi. Kwa hiyo mtu akitoka ampu ya wati 200 kwenda ya 300 asitegemee muujiza. Akiongeza kabineti ya pili inayofanana na ya kwanza kwenye ampu ileile ya transista, ataongeza desibeli 5 au 6, kwa sababu ampu inatoa wati zaidi na pia eneo la karatasi za spika zinazosukuma hewa limekuwa mara mbili.

Kuhusu zile namba za madukani, wati 2,000 au 5,000 zilizobandikwa kwenye spika za plastiki, zipuuze. Geuza kifaa usome fyuzi. Stima yetu ni volti 240. Fyuzi ya ampea 2 inaruhusu wati 480 kuingia kwa mfululizo, na kinachotoka hakiwezi kuzidi kilichoingia. Wati za kuamini ni zile za RMS, yaani za mfululizo, tena zilizoandikwa pamoja na omu zake (kipimo cha jinsi spika inavyopinga umeme). "Wati 500" bila omu ni kama bei ya samaki bila kusema ni omena au mbuta.

Imani nyingine iliyozeeka ni kwamba spika ya inchi 15 ndiyo yenye besi na za inchi 10 ni za sauti ya juu. Pima eneo. Karatasi ya inchi 10 ina takriban sentimita za mraba 350, ya 12 ina 530, ya 15 ina 850. Kabineti ya 10 nne, yaani spika nne za inchi 10, basi ina 1,400, mbali kabisa na 15 moja. Ile kabineti maarufu ya kampuni ya Ampeg yenye 10 nane, iliyokuja na ampu ya valvu (zile taa za kioo za zamani badala ya transista) ya SVT ya wati 300 mwaka 1969, ilijengwa kwa spika ndogo ikawa kipimo cha besi duniani. (Ina uzito unaozidi kilo 60. Fikiria kuipandisha kwenye Probox.) Kinachoamua besi itashuka hadi wapi ni muundo wa spika yenyewe na ujazo wa boksi, si kipenyo peke yake.

Halafu ujue unachokitafuta. Uzi wa E ukipigwa wazi hutetema mara 41 kwa sekunde, yaani Hz 41. B ya besi ya nyuzi tano ni Hz 31. Kabineti nyingi zinadhoofika kabla ya kufika huko, na bado E inasikika vizuri, kwa sababu sikio linashika zaidi mtetemo wa pili, Hz 82, na wa tatu juu yake. Kwa benga, muziki wa magita wa huku kwetu, jambo hili lina uzito wa pekee. Besi ya benga haikai nyuma ikishikilia noti ndefu. Inapishana na gita la solo kama nyuzi za nyatiti, kinubi cha Waluo, zinavyopishana, noti fupifupi, kasi, na kila moja lazima isikike ilipoanzia. Hapo sauti ya kati ndiyo mali. Kabineti ya 10 mbili nzuri, au mbili za namna hiyo zilizosimamishwa moja juu ya nyingine, itamfaa mpiga benga kuliko boksi la 15 linalonguruma bila maneno. Kwa rhumba ya polepole au reggae, 15 au 12 mbili zina raha yake.

Sasa omu, mahali ambapo ampu nyingi huuawa. Soketi mbili za spika nyuma ya ampu karibu zote zimeunganishwa sambamba, yaani kila kabineti inafika kwenye ampu kwa njia yake, na omu hupungua. Kabineti mbili za omu 8 zinakuwa omu 4. Mbili za omu 4 zinakuwa 2. Moja ya 8 na moja ya 4 zinakuwa 2.7. Ampu iliyoandikwa kikomo cha omu 4 ikifungwa kwenye 2.7 au 2 inalazimishwa kutoa mkondo kuliko ilivyoundwa. Itapiga vizuri nusu saa, joto litapanda, kinga itakata sauti katikati ya wimbo. Hiyo ndiyo bahati nzuri. Bahati mbaya ni transista za mwisho kuungua na kupitisha volti za moja kwa moja (DC) hadi kwenye spika, koili (waya uliosokotwa nyuma ya karatasi) ikaungua pia, ukawa na maiti mbili. Kwenda juu, kwa mfano kabineti ya omu 8 kwenye ampu ya kikomo cha 4, hakuna hatari kwa ampu ya transista. Utapata wati pungufu tu.

Ampu ya valvu ina sheria tofauti. Chagua omu kwenye swichi yake zilingane na kabineti, na usiiwashe upige bila spika kuunganishwa. Ikikosa mzigo, volti hupanda ndani ya transfoma ya kutoa sauti hadi ipasuke, na transfoma hiyo ni kitu cha kuagizwa kutoka ng'ambo.

Kuna mchanganyiko unaopendwa sana ambao mimi nauepuka: 10 nne chini na 15 moja juu, zote omu 8. Ampu ikitoa wati 300, kila kabineti inapata 150. Kila 10 inabeba wati 37 hivi na kustarehe. Ile 15 inabeba 150 peke yake. Itakuwa ya kwanza kulia na ya kwanza kufa, na tangu mwanzo 10 nne zilikuwa zinaizidi sauti. Nunua kabineti moja leo, na ukipata pesa ongeza pacha wake. Kwa sababu hiyo, ile ya kwanza iwe omu 8, si 4.

Spika hufa kwa njia mbili. Ya kwanza ni joto, wati nyingi kwa muda mrefu. Ya pili ni kusukumwa nje ya mipaka yake, na hiyo haihitaji hata nusu ya wati zilizoandikwa. Boksi lenye tundu la hewa limetegwa kwenye mtetemo fulani, mara nyingi kati ya Hz 40 na 55. Juu ya hapo hewa ya ndani inaishika karatasi. Chini ya hapo haishikwi na chochote, inapiga mbele na nyuma kama mlango usio na komeo. Sasa mtu anapiga B ya Hz 31, na kitasa cha besi amekizungusha hadi mwisho, ambako ni desibeli 15 za ziada, yaani wati mara thelathini kwenye noti hizo. Utasikia mgongano mkavu: koili inagonga bamba la nyuma la sumaku. Dawa yake ni kichujio kinachokata kila kitu chini ya Hz 35 au 40. Ampu nyingi za kisasa zinacho. Zisizo nacho, kuna kijisanduku cha kuweka kati. Boksi lililofungwa pande zote husamehe zaidi, ila linataka wati zaidi kwa besi ileile.

Ukinunua mtumba, nenda na mita na betri. Weka mita kwenye omu upime soketi ya kabineti, waya wa ampu ukiwa umetolewa. Kabineti ya omu 8 husoma kati ya 5.5 na 6.5, ya omu 4 husoma 3 hadi 3.5. Kabineti ya 10 nne ya omu 8, ambayo spika zake zimefungwa mbilimbili, moja ikifuata nyingine, kisha jozi hizo sambamba, ikisoma 12 basi spika moja imekatika na imezima jirani yake. Muuzaji atakuambia "inapiga", na kweli inapiga, kwa nusu. Kisha gusisha betri ya volti 1.5 au 9 kwa sekunde moja: karatasi zote zisogee upande mmoja. Ikiwa moja inaingia wakati nyingine zinatoka, kuna aliyeifungua akarudisha nyaya kinyume, na besi zinafutana. Mwisho sukuma kila karatasi taratibu kwa vidole vya mikono miwili, sawasawa. Ukisikia mkwaruzo, koili inasugua. Mwambie fundi wa kuzungushia koili upya akupe bei kabla ya kumlipa muuzaji.

Vifaa vya mtumba vina mtego mwingine. Ampu iliyotoka Marekani ni ya volti 120, ya Japani ni 100. Ichomeke kwenye 240 na itakwisha kabla hujafika kwenye kitasa. Ampu nyepesi za klasi D (aina ya kisasa isiyopoteza umeme mwingi kwa joto) nyingi zinapokea 100 hadi 240 zenyewe, lakini si zote, soma mgongoni. Kwa ampu ya wati 500 transfoma ya kushusha volti iwe ya VA (volti mara ampea) 1,000, isiwe ile ya kuchajia redio.

Waya wa spika si waya wa gita, hata kama jeki zinafanana. Wa gita una uzi mwembamba katikati uliozungukwa na kinga. Ukipitishia wati 300 unapata joto na kupoteza nguvu, na ukiyeyuka ndani unagusanisha nyaya. Tumia waya wa stima wa nyuzi mbili kutoka hadiwea, milimita za mraba 1.5 kwa mita chache, 2.5 ukienda mbali. Plagi za Speakon za kuzungusha ni bora kuliko jeki, kwa sababu jeki ikivutwa huku ampu inapiga hugusanisha ncha. Na kwenye ampu za klasi D usiunganishe upande mweusi wa spika na chesi, yaani bodi ya chuma ya ampu. Mara nyingi nao una umeme.

Hema la matanga huko Siaya au Bondo ni mtihani wa kipekee. Hakuna ukuta, ardhi ni ya majani, besi inapotea hewani. Weka kabineti moja kwa moja chini, si juu ya meza, na kama kuna ukuta wa nyumba iegemeze karibu nao. Usijaribu kujaza boma zima kwa kabineti. Toa waya wa DI (kijisanduku au soketi ya kupeleka sauti ya besi) kwenda kwenye miksa, spika kubwa zifanye kazi hiyo, ampu ikusikilizishe wewe na mpiga ngoma. Jenereta ndogo za wati 650 hupwaya mpiga ngoma anapogonga, taa zikififia ampu nayo inakosa pumzi, basi usigawane na jiko la chai. Stima ikikatika, zima ampu kwanza; ikirudi, subiri dakika tatu, au tumia kile kifaa cha kulinda friji. Na mngurumo wa ardhi ukizidi, bonyeza swichi ya kukata ardhi iliyo kwenye DI. Usivunje kamwe pini ya ardhi ya plagi, maana siku waya ukigusa chesi njia ya kurudi itakuwa nyuzi za gita na mkono wako.

Seremala wa Kibuye anaweza kukujengea boksi zuri, mradi umpe ujazo na urefu wa bomba la tundu la hewa vinavyolingana na spika utakayotia. Kunakili vipimo vya kabineti ya nje na kutia spika nyingine ndiyo njia ya kupata besi ya noti moja. Plaiwudi ya milimita 18, gundi pamoja na skrubu kila sentimita 15, ubao wa kushikanisha kuta pana. MDF na chipibodi katika unyevu wa ziwani hufura pembeni. Kama boksi halina tundu, sukuma karatasi uiachie: ikirudi polepole, boksi limeziba, ikirudi mara moja, tafuta ufa.

Kanisani mambo hugeuka. Paa la mabati na kuta za mawe hurudisha kila kitu, na besi inakuwa uji. Inua kabineti sentimita 40 kutoka sakafuni, iondoe kwenye kona, punguza Hz 200 hadi 250 kwa desibeli 4, ongeza kidogo kwenye 700 hadi 800 ili noti zijitenge. Kwa waumini 150 na ngoma, wati 300 na 10 mbili zinatosha. Kama bado ni uji, kabla ya kuanza michango ya ampu mpya, sikiliza kinanda. Mara nyingi mkono wa kushoto wa mpiga kinanda unapiga besi yake mwenyewe palepale unapopiga wewe. Mwombe auinue oktava moja.