Kadzonzo wa kwetu, nimemlea Aarhus

Nimezaliwa Gede, pwani ya Kenya, jirani kabisa na msitu wa Arabuko Sokoke. Kule kuna paka tuliokuwa tukiwaona wakipita kati ya minazi, na sisi Wagiriama tunawaita kadzonzo, kwa kuwa manyoya yao yanafanana na gome la mti. Hakuna aliyewahi kuwanunua. Basi fikiria nilivyoshtuka nilipohamia mji wa Aarhus, Denmark, mwenzangu kazini akanionyesha picha ya paka ghali, adimu, wa nasaba, na nikamwona kadzonzo.

Nilianza kuuliza. Mwaka 1978 Jeni Slater alikuta vitoto vya paka hao kwenye shamba la minazi karibu na Watamu, akavilea. Rafiki yake, Gloria Moeldrup, ndiye aliyewaleta Denmark, na mwaka 1993 FIFe, shirikisho la kimataifa la wafugaji wa paka, likawatambua kwa jina la Sokoke. Nikaamua lazima nimpate mmoja.

Muuzaji wa kwanza alitaka nitume pesa kabla sijamwona hata mama wa vitoto. Nikaachana naye. Wa pili alinikaribisha nyumbani kwake mara mbili. Nilimwona mama mtu, nikakagua kadi ya chanjo, kisha nikaomba cheti cha nasaba. Hapo ndipo nilipokaa sana. Paka walioanzisha aina hii ng'ambo walikuwa wachache, kwa hiyo hatari ya kupandisha ndugu kwa ndugu ni kubwa. Niliandika vizazi vinne kwenye karatasi, nikawa natafuta kwa kidole jina linalojirudia. Sikuliona. Hata hivyo nilisubiri hadi kitoto kilipotimiza wiki 14, na sijuti, maana alikuja amefundishwa na mama yake kutumia kisanduku cha mchanga.

Kosa la kwanza lilikuwa maziwa. Mama aliniambia kwa simu, "Mpe maziwa mwanangu, paka ni maziwa." Nilimpa kisahani kimoja, usiku ule akahara mara tatu. Daktari wa mifugo akanieleza kwamba paka wengi wakishaacha kunyonya, tumbo haliwezi tena kusaga sukari ya maziwa. Tangu hapo ni nyama na maji safi tu.

Baridi ndiyo iliyonisumbua zaidi. Kadzonzo ana manyoya mafupi yanayolala juu ya ngozi, na yale laini ya ndani, yanayotunza joto, ni haba. Ukichukua unywele mmoja ukauelekeza dirishani, unaona mistari ya kahawia na nyeusi imepishana. Ndiyo inayompa ile rangi ya gome. Ni wa kupendeza kweli, lakini si wa theluji. Nilimtandikia blanketi karibu na hita, na tangu Novemba hatoki nje. Badala ya msitu nilimpigilia mbao ukutani hadi karibu na dari. Miguu yake ya nyuma ni mirefu kuliko ya mbele, hutembea kama anayenyata, na akiruka hugusa ubao kidogo tu, tayari yuko juu.

Juzi nilikuwa naongea na mama kwa video, paka akapita mbele ya kamera. Mama akanyamaza, akasogeza simu karibu na macho.

"Huyo si kadzonzo?"

"Ndiye, mama."

"Na huko si kunaanguka barafu? Mfunike, mwanangu. Huyo ni wa huku."