Mkono wa Zaynab, pima ya Bibi

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh, ndugu zangu.

Nilikuwa nimeshaandaa tafakari ya Ijumaa hii kuhusu subira. Jumanne shangazi akanipigia simu kutoka Pemba: "Njoo uchukue kanda la bibi yako, panya watakuwahi." Nikapanda boti. Tafakari ya subira itasubiri.

Ndani ya kanda mlikuwa na shazia mbili, zile sindano za kushonea mikeka, kisu kilicholika mpaka kikawa chembamba kama kidole, vitita vya ukindu mkavu, pakiti ya rangi ya zambarau iliyogandamana kwa unyevu, na bunda la ukili, ule utepe uliosukwa wa kushonea mkeka, lililofungwa kwa kipande cha kanga. Nikakaa navyo kwenye kibaraza alichokuwa akikaa mwenyewe. Hapo ikanijia hadithi moja, na mpaka naandika haijanitoka.

Imamu Muslim amepokea kutoka kwa Mama Aisha, radhi za Allah zimshukie, kwamba Mtume (S.A.W.) aliwaambia wake zake kuwa atakayewahi kumfuata ni yule mwenye mkono mrefu kuliko wote. Basi wakawa wanapimana mikono. Kwa Bukhari imekuja kwamba walichukua mwanzi wakajipimia. Hebu watazameni mama zetu wa waumini, kila mmoja kanyoosha mkono anataka wake ndio uzidi, na tunzo yenyewe ni kufa mwanzo!

Aliyetangulia ni Zaynab binti Jahsh, mwaka wa 20 Hijria, Sayyidna Umar akiwa khalifa. Naye, kama ilivyopokewa, alikuwa mwanamke mfupi. Hapo ndipo walipofahamu. Mama Aisha anasema Zaynab ndiye aliyekuwa na mkono mrefu, kwa sababu alikuwa akifanya kazi kwa mkono wake na akitoa sadaka. Alikuwa akitengeneza ngozi na kushona, na kinachopatikana kinakwenda kwa maskini.

Kwetu sisi, ukimwambia mtu ana mkono mrefu mtafikishana kwa sheha. Kwa Waarabu ni sifa ya mtu mkarimu. Lakini tusisahau kwamba Waswahili nasi tuna mkono mwingine, ule wa kupimia: shibiri mbili mkono, mikono minne pima. Ukili huuzwa kwa pima. Unatanua mikono miwili, ncha ya kidole mpaka ncha ya kidole, hiyo ni moja. Hakuna mizani wala futi. Kipimo ni mwili wako mwenyewe.

Na bibi yangu alikuwa mfupi.

Siku moja alikuja mnunuzi akachukua ukili wa mkeka mzima. Baada ya siku mbili akarudi, akasimama uani na kusema mbele za watu, "Bibi, pima yako fupi." Nilikuwa mdogo, nikasubiri Bibi amjibu, maana ulimi alikuwa nao. Hakujibu. Aliingia ndani, akatoka na ukili mwingine, akampa bure. Usiku nilimsikia akimwambia shangazi kwamba mtu yule hakukosea: "Mungu kanipa mikono mifupi, mwenye kununua ana kosa gani?" Tangu siku ile kila pima ikitimia aliongeza shibiri moja. Alikuwa akipima, anatia shibiri, anaminya alama kwa ukucha, anaendelea.

Tumeisoma sana Suratul-Mutaffifin, "Ole wao wapunjao," na tukiisoma huwa tunamfikiria mwenye duka. Nani anajifikiria yeye na urefu wa mikono yake? Mimi sijawahi. Nikipewa umbo fulani, mshahara fulani, hasira fulani, naona ndivyo nilivyoumbwa, na anayepungukiwa kwa ajili yangu ajijue.

Bibi alifiwa na mume watoto wote wakiwa bado wadogo. Mikarafuu iliyobaki ilikuwa michache, na karafuu hazizai kila mwaka. Kwa hiyo madaftari ya skuli, juzuu za chuoni, nguo za sikukuu, vyote vilipita kwenye vidole vile. Kazi ya mkeka anayeijua ni anayeifanya. Kuna kuifuata mikindu bondeni ukakate makuti machanga, kuna kuyachana, kuyaanika, kuyachemsha na rangi, kuanika tena. Hapo hujasuka hata shibiri. Ukishasuka ukili mrefu wa kukutosha, unaanza kuushona ubavu kwa ubavu mpaka uwe mkeka. Wiki na wiki. Kisha anakuja mtu anakwambia punguza bei kidogo.

Mimi alikuwa akiniita mke mwenzangu. "Mke mwenzangu, njoo nitungie uzi." Macho yalikuwa yameshachoka lakini vidole havikuhitaji macho, ila kwenye tundu la shazia tu. Alasiri wanawake wa mtaani walikuwa wakikusanyika pale kibarazani, kila mmoja na ukili wake, na mnajua mikono ikishazoea kazi mdomo hukosa shughuli. Likianza jina la mtu asiyekuwepo, Bibi huhesabu miyaa ya ukindu kwa sauti. "Moja, mbili, tatu..." Hasemi nyamazeni. Anahesabu tu, kwa sauti, mpaka mazungumzo yakapoteza njia. Wengine walikuwa wakimcheka.

Zaynab naye, kisa cha uzushi kilipozuka Madina, Aisha aliposingiziwa, aliulizwa na Mtume kuhusu Aisha. Mke mwenza! Ambaye, kwa maneno ya Aisha mwenyewe, ndiye aliyekuwa akishindana naye kwa cheo mbele ya Mtume. Akajibu kwamba anayachunga masikio yake na macho yake, wala hajui kwa Aisha ila kheri. Bukhari na Muslim wameipokea. Na anayetusimulia sifa zote hizi za Zaynab, ule mkono na ulimi huu, ni Aisha. Nimelifikiria sana hilo nikiwa njiani kurudi.

Kuhusu mimi, niseme ukweli. Nilipoanza kazi Unguja nilimletea Bibi mkeka wa plastiki, mkubwa, una maua. Nikaona nimempumzisha. Alinishukuru, akaniombea dua ndefu, na msimu ulipofika akauanikia karafuu. Pesa nilikuwa nikimtumia kwa simu kila ninapokumbuka. Alichokuwa akikiulizia ni nakuja lini, na mimi kwa safari nilikuwa na mkono wa birika. Allah anisamehe, na tusomeeni sote Fatiha kwa wale tuliowapunja namna hii.

Lile bunda la ukili, shangazi alinieleza, ni la nadhiri. Bibi alikusudia kuushonea msikiti msala wa upande wa wanawake, ingawa huko siku hizi kumetandikwa zulia. Mwezi ule aliougua alilifunga kwa kanga, akasema, "Pima ishirini. Asiukate mtu."

Mimi nimerithi urefu kwa upande wa mama. Nikiwa nimesimama karibu na Bibi, kichwa chake kilikuwa kinanifika begani. Nikalifungua bunda pale kibarazani, shangazi akashika ncha, nikaanza kupima kwa mikono yangu hii, huku nimeshaanza kupiga hesabu kitapungua kiasi gani nikisuke mwenyewe. Pima ya kumi na nane. Ya kumi na tisa. Ishirini ikatimia, na ukili ukabaki mkononi mwa shangazi, mkono mmoja na zaidi.