Bahasha ya Ami na stempu isiyo na picha

Ami alinirithisha mkebe wa biskuti uliojaa barua za duka la babu. Humo nilikuta bahasha iliyotoka Pemba kuja Unguja, imebandikwa kijikaratasi cha rangi ya chungwa chenye maandishi meusi matupu. Hakikuwa na sura ya Sultani wala jahazi, nikadhani ni lebo ya dukani.

Kumbe ni stempu ya deni. Mtu akituma barua bila kulipa ada kamili, posta haikuitupa. Iliipeleka, na mpokeaji akadaiwa. Aghalabu deni lilikuwa upungufu mara mbili. Karani aliandika kiasi kwa penseli, akabandika stempu ya thamani hiyo na kuigonga muhuri, kisha fedha zikatolewa kabla barua haijakabidhiwa. Bahasha yangu ina 12 kwa penseli: zilipungua senti 6.

Stempu hizi za kwanza za Zanzibar, zilizoanza kutoka 1926, zilichapwa hapa hapa kwenye kiwanda cha serikali, herufi zikipangwa kwa mkono, ilhali zile zenye sura ya Sultani Khalifa bin Haroub zilichapwa Uingereza. Hazina vitundu vya kuchania, bali mikato midogo tu kwenye karatasi. Zilitolewa bila gundi, kwa hiyo karani alipaka yake. Doa la kahawia linalovuja pembeni mwa stempu, ambalo wengi huliona uchafu, mimi nalipenda kuliko stempu yenyewe. Ni mkono wa mtu.

Hapo ndipo nilipokosea. Kabla sijajua hayo niliroweka bahasha ya pili ili nibandue stempu niiweke kwenye albamu. Stempu ninayo, lakini barua ilitoka wapi na ilidaiwa kwa sababu gani, sitajua tena. Bado inaniuma.

Kosa langu la pili: niliuziwa bahasha ya uongo na mchuuzi mmoja mjini. Nilipoikagua kwa lenzi niliona muhuri umeishia ukingoni mwa stempu, haukuvuka kuingia kwenye karatasi ya bahasha, yaani stempu ilibandikwa ikiwa tayari imegongwa, na hapakuwa na alama yoyote ya deni. Tangu siku hiyo huanza na bahasha, stempu huja mwisho: nani kaandika, ada iliyobandikwa ni ngapi, penseli inasema nini, muhuri wa nyuma una tarehe gani. Barua za ng'ambo hutafuta herufi T, ambayo posta za dunia zilikubaliana kuitumia kuonyesha upungufu. Hesabu ikikataa, siinunui.

Januari 1936 Zanzibar iliacha rupia ikaingia shilingi, na mwaka huo zikaja stempu mpya za deni, za senti 5 hadi shilingi moja. Sasa natafuta bahasha ya wiki zile za mwanzo, nione karani alibandika nini.