Siku Nane za Tomaso

Mdogo wangu alifariki mwezi Machi akijifungua, na mtoto naye hakuishi. Niliiombea mimba ile tangu siku aliponieleza. Baada ya maziko niliendelea kwenda kanisani hapa Weti, Pemba, kila Jumapili, kwa kuwa mimi ndiye mwalimu wa watoto, lakini kila nilipofumba macho nisali sikupata neno la kusema. Sikumwambia mtu. Shaka ile niliihesabu kuwa dhambi, na niliona haya kuwafundisha watoto imani ambayo mwenyewe nilikuwa nimeishika kwa ncha za vidole.

Mwezi Agosti nilipanda boti Mkoani kwenda Unguja kwa shughuli ya kifamilia, na kesho yake nikaingia Kanisa Kuu la Mkunazini. Soko la watumwa lililokuwa mahali hapo lilifungwa mwaka 1873 kwa mkataba aliokubali Sultani Barghash wa Zanzibar, na jiwe la msingi la kanisa likawekwa pale siku ya Krismasi ya mwaka uleule. Edward Steere, aliyekuja kuwa askofu, ndiye aliyesimamia ujenzi. Mbele ya altare ipo alama ya mviringo sakafuni, inayoelezwa kuwa ndipo ulipokuwa mti waliofungwa watumwa wakichapwa. Nilisimama hapo muda mrefu. Sikupata jibu la kifo cha mdogo wangu, wala sidai kwamba nimelipata hadi leo. Nilichokiona ni kwamba wajenzi hawakutafuta uwanja mwingine usio na kilio, bali altare waliiweka papo hapo, na nikawaza kwamba ikiwa ibada inafanyika juu ya ardhi ile, basi nami naweza kumwendea Mungu na uchungu wangu jinsi ulivyo.

Niliporudi nilisoma tena Yohana 20. Mwanafunzi Tomaso hakuwapo jioni ile ya kwanza Yesu alipowatokea wenzake baada ya kufufuka, na alipoambiwa alikataa kuamini. Jambo ambalo sikuwahi kulizingatia ni kwamba baada ya siku nane wanafunzi walikuwamo ndani tena, na Tomaso pamoja nao. Siku zote hizo alikuwa na shaka yake, na wenzake hawakumfukuza, wala yeye hakuondoka. Nilimwendea mzee wa kanisa nikamweleza yote. Akaniambia, “Mwanangu, njoo tu. Ukishindwa kusali, sisi tutasali nawe utakuwapo.” Nilifanya hivyo kwa miezi.

Msimu wa karafuu ulipofika, jioni tulikaa na jirani yangu, bibi wa makamo ya mama yangu, Mwislamu mcha Mungu, tukichambua juu ya jamvi. Punje huku, makonyo, yaani vikonyo vyake, kule, na vidole vimegeuka rangi ya kahawia. Jioni moja akaniuliza bila kuinua macho, “Mwanangu, tangu msiba ule, huyo Mungu bado unamtumai?”

Zamani nilidhani kushuhudia ni kuwa na jibu lililokamilika, na kwa jirani wa dini nyingine nilikuwa ama nanyamaza kwa woga au nasema kwa pupa kama mtu anayeshindana. Safari hii nilikumbuka kwamba Petro anatutaka tumjibu anayetuuliza habari za tumaini letu, na tumjibu kwa upole. Nikasema, “Bibi, zipo siku namtumai, na zipo siku sifungui hata kinywa. Lakini nasadiki kwamba Yesu aliingia kaburini akatoka, na kwa ajili hiyo sijamwacha mdogo wangu gizani.” Hakunibishia, wala hakukubaliana nami. Alimimina makonyo kwenye pakacha, akasema, “Mungu akupe subira, nawe niombee mwanangu aliyeko baharini.”

Nilimwombea usiku ule, na yalikuwa maombi yangu ya kwanza tangu Machi. Jumapili iliyofuata, nilipotoka kanisani, alikuwa amesimama mlangoni pake akinisubiri. “Leo umeweza?” akauliza. Nikamwambia kweli: “Nusu, bibi.”