Nilivyoifufua dohani ya nyumba ya Mama, Kabale

Asubuhi moja ya Julai, miaka mitatu iliyopita, dada yangu alimkuta Mama ameketi ukingoni mwa kitanda, kichwa amekishika kwa mikono miwili, anatapika. Karibu na mlango palikuwa na sigiri, majivu yake bado ya moto. Usiku ule baridi ilikuwa kali, naye aliiingiza sigiri chumbani, akafunga dirisha, akajifunika blanketi mbili. Makaa yakiwaka mahali pasipo hewa ya kutosha hutoa gesi ya kaboni monoksidi. Haina harufu wala rangi, na mtu anaweza kulala nayo asiamke. Mama aliamka kwa sababu mlango wa chumba chake una uwazi wa vidole viwili kwa chini. Mlango ule nilikuwa nimeahidi kuurekebisha tangu Ramadhani. Mpaka leo sijaugusa.

Mama ni mzaliwa wa Mombasa, Mji wa Kale. Marehemu baba alikuwa dereva wa malori, njia ya Mombasa kwenda Kigali kupitia Katuna, na alipochoka na barabara akanunua nyumba kilimani, Kabale, kusini-magharibi mwa Uganda, zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Mtu wa pwani hazoei baridi ya huku hata akae miaka arobaini. Nyumba ilijengwa enzi za Waingereza, nao walijua walipo: sebuleni waliweka meko ya ukutani, na juu yake dohani ya matofali inayopenya paa. Wengine huita chimni. Lakini tangu nikiwa mtoto meko yale yalikuwa yamezibwa kwa ubao, mbele yake kabati la vyombo, kwa sababu kila yalipowashwa moshi ulirudi ndani.

Siku ile Mama aliporudi kutoka hospitali nilimwambia, "Mama, sigiri haitaingia tena chumbani. Nitakutengenezea meko." Akanijibu, "Haya mwanangu, lakini usiharakishe." Nami nikaharakisha.

Nilimchukua fundi wa mjini, mtu mwenye sifa ya kujenga maduka. Akapanda juu, akatazama viungo vya matofali vilivyolika, akasema dawa yake ni kuipiga dohani yote lipu ya simiti. Mwezi wa Agosti kazi ikaisha kwa siku mbili. Dohani ikawa laini, ya kijivu, inang'aa kama mpya. Nilimlipa kwa furaha.

Oktoba, mvua zikiwa zimekolea, nikaona nyufa nyembamba kama nywele juu ya lipu. Machi, mvua za masika zilipoanza, vipande vya matofali vikawa vinaanguka ndani ya meko usiku, tak, tak. Niliokota kimoja. Kilikuwa uso wa tofali, unene kama wa sarafu mbili, umebanduka mzima mzima kama gamba, na mgongo wake ulikuwa umelowa. Kwenye ukuta wa chumba cha kulala, upande wa pili wa dohani, likatokea doa la hudhurungi lenye harufu ya moshi uliopoa. Nilipaka rangi juu yake mara mbili. Wiki haikupita, likarudi.

Hapo ndipo nilipoletewa Mzee mmoja Mkiga, mtu wa kabila la huku Kabale, fundi wa zamani, ambaye Kiswahili chake alikipata ujanani alipofanya kazi kwenye mgodi wa shaba wa Kilembe, Kasese. Hakuniuliza bei wala haraka yangu. Alitoa msumari mfukoni, akauchomeka kwenye kiungo cha matofali chini ya dari, mahali ambapo simiti haikufika. Ukaingia taratibu, mchanga mweupe ukadondoka. Akauonja kwa ncha ya ulimi. "Chokaa," akasema. "Hii nyumba haijui simiti."

Nilimbishia. Nilisema simiti ni ngumu zaidi, itawezaje kuwa mbaya? Mama, aliyekuwa anachambua mchele kibarazani, ndiye aliyejibu. Akaniuliza Fort Jesus ilijengwa kwa simiti ya kiwanda gani. Ngome ile ilianza kujengwa mwaka 1593, na simiti ya Portland tunayoijua ilipewa hataza Uingereza mwaka 1824. Mama amekulia kati ya nyumba za mawe ya matumbawe na chokaa, na anakumbuka matanuu ya kuchomea chokaa. Yeye na Mzee wakaanza kuzungumza kama watu waliosoma darasa moja, nami nikanyamaza nikasikiliza.

Matofali ya zamani ya huku yalichomwa kwa kuni, moto wake haukuwa sawa, kwa hiyo ni laini na yananywa maji. Hilo si tatizo ikiwa yanaweza kuyatoa. Yakilowa mchana, jua likitoka, maji hutoka polepole kupitia kwenye viungo vya chokaa, kwa sababu chokaa ina vitundu vidogo na ni laini kuliko tofali. Sasa fikiria dohani ya Kabale kwa siku moja: alfajiri imezungukwa na ukungu, saa sita jua la milimani linaichoma, saa tisa mvua ya baridi inaimwagikia, pengine ya mawe, usiku hewa inashuka mpaka karibu nyuzi 10, na ndani yake kuna moto. Inatanuka na kusinyaa kila siku. Chokaa hukubali mchezo huo. Simiti hukataa, inapasuka, maji yanaingia kwenye ufa, na yakishaingia hayana pa kutokea isipokuwa kwa kuubandua uso wa tofali. Mimi nilikuwa nimeivalisha dohani koti la mvua lililotoboka, na kila mvua nikaifungia maji ndani.

Tulisubiri Juni, kiangazi kianze. Subira hiyo ilinisumbua, lakini ni ya lazima, maana chokaa haigandi kama simiti. Inashika kwa kuvuta hewa ya kaboni dioksidi polepole, na mvua ikiikuta bado mbichi inaisukuma nje ya viungo. Wakati tunasubiri, Mzee akaagiza chokaa kutoka Muhokya, upande wa Kasese, mawe yaliyochomwa lakini hayajazimwa, yaani hayajatiwa maji. Tuliizima wenyewe kwenye pipa. Maji hutangulia, chokaa hufuata, kidogo kidogo. Ukifanya kinyume, inaruka. Pipa lilichemka bila moto, mvuke ukapanda mpaka kwenye ukingo wa bati, na Mzee akatufukuza sote mpaka tufunge nguo usoni na kuvaa miwani, kwa sababu tone moja linaweza kuharibu jicho. Baada ya hapo chokaa ilikaa chini ya maji wiki sita. Ilipofunuliwa ilikuwa kama jibini laini, nyeupe pe, unaikata kwa mwiko na pande zinabaki zimesimama.

Kabla ya kubomoa chochote Mzee alifanya jambo ambalo ningependa kila mtu alifanye. Aliwasha majani mabichi ndani ya meko, moshi ulipopanda vizuri akamwambia kijana wake afunike juu kwa gunia lililolowa. Kisha akatupeleka darini na tochi. Moshi ulikuwa unatoka kwenye ukuta wa dohani sehemu tatu, pamoja na moja iliyokuwa hatua mbili tu kutoka kwenye boriti ya kenchi. Boriti ile ilikuwa nyeusi upande mmoja. Mpaka sasa nikikumbuka weusi ule moyo unanienda mbio. Tungewasha moto mkubwa siku moja ya Julai tukalala, nyumba ingeshika moto kutokea darini.

Ndani tulikuta pia nyuki. Sega zao zilikuwa zimeshuka kama mita moja kutoka juu, na hizo ndizo zilizochangia kurudisha moshi. Mfugaji wa nyuki alikuja jioni akawahamishia kwenye mzinga wake. Nta iliyobaki ilikwanguliwa yote, maana huungua vibaya na harufu yake huita kundi jingine.

Kazi yenyewe ilichukua wiki tatu. Jukwaa la miti ya mkaratusi lilisimamishwa bila kuegemea dohani hata kidogo. Lipu ya simiti iliondolewa kwa tindo na nyundo ndogo, na hapo tulipoteza matofali mengi, kwa sababu simiti ilipotoka ilitoka na nyuso zao. Sehemu ya juu ya paa, kozi tisa, yaani mistari tisa ya matofali, ilibidi ishushwe yote na kujengwa upya. Mzee aliyapanga matofali mazima uani, akayagonga moja moja kwa kifundo cha kidole. Lililolia kama chungu lilirudi, lililotoa sauti nzito liliwekwa kando. Mapengo tulijaza kwa matofali ya nyumba nyingine ya zamani iliyobomolewa, kwa sababu mapya ya sokoni yalikuwa na kipimo tofauti.

Mota, yaani udongo wa kuunganishia matofali, ilikuwa chokaa moja kwa mchanga tatu, pamoja na unga kidogo wa matofali yaliyosagwa, ambao huisaidia chokaa kushika hata penye unyevu. Matofali yalichovywa majini kwanza ili yasinyonye maji ya mota. Viungo vya chini vilichimbuliwa kina cha sentimita mbili na nusu, vikafutwa vumbi, vikanyunyiziwa maji, ndipo vikajazwa. Kila jioni tulifunika kazi ya siku kwa magunia mabichi. Kazi ya kuyalowesha ilikuwa yangu, asubuhi na jioni, siku kumi.

Ndani ya tundu nilidhani tutatafuta mabomba ya udongo. Mzee akataka samadi ya ng'ombe. Alichanganya chokaa, mchanga na samadi mbichi iliyochujwa majani makubwa, akaipaka ndani kadiri alivyokuwa anapanda, huku nyuma yake akivuta kwa kamba gunia lililojazwa nyasi kavu, linaloziba tundu barabara. Gunia lile hudaka mota inayodondoka na kuulainisha ukuta kwa wakati mmoja. Darini alifungua kidirisha cha matofali manne ili mkono ufike katikati. Nyuzinyuzi za samadi huizuia lipu isipasuke ikipata joto. Baadaye nilisoma kwamba hata Uingereza dohani za zamani zilipakwa ndani chokaa na samadi, lakini Mzee hakuhitaji kusoma. Hapa Kigezi, eneo la Kabale, nyumba za wazazi wake zilisiribwa kwa samadi.

Simiti tuliitumia mahali pamoja tu, kwenye kofia ya juu kabisa. Huko inafaa, kwa sababu kazi yake ni kumwaga maji. Ina mteremko, imetokeza nje sentimita tano, na kwa chini ina mfereji mdogo ili tone lidondoke badala ya kurudi ukutani. Juu ya tundu fundi wa kulehemu alitengeneza paa dogo la chuma lenye miguu minne na wavu, ndege na nyuki wasiingie. Dohani yenyewe tuliipandisha zaidi ya ilivyokuwa, ikapita paa kwa sentimita 90. Ilikuwa fupi, na upepo wa bondeni ulikuwa unaupiga moshi na kuurudisha.

Paa linapokutana na dohani, pale palipokuwa pamezibwa kwa lami mara chungu nzima, tuliweka bati la kukinga maji. Makali yake yameingizwa ndani ya kiungo, si kubandikwa juu ya tofali. Nadhani nusu ya maji yaliyokuwa yanaingia yalipitia hapo.

Moto wa kwanza tuliwasha baada ya majuma manne, vijiti vitatu tu. Siku ya pili vitano. Mzee alinionyesha kuwasha karatasi moja na kuishikilia kwenye koo la dohani kabla ya kuwasha kuni, ili hewa baridi iliyotuama ndani isogee. Karatasi ilipovutwa juu na kunitoka mkononi, Mama alisema "Alhamdulillahi" kwa sauti ya chini, akavuta kiti chake karibu.

Kuni ni suala ambalo sikulitilia maanani hadi nilipopanda kusafisha baada ya miezi sita. Nilikuwa nimenunua mkaratusi uliokatwa wiki ileile. Ndani ya dohani palikuwa na utando mweusi unaong'aa, unanata kama lami. Hiyo ni kreosoti. Kuni mbichi hutoa moshi wenye maji, moshi huo ukikuta ukuta baridi huganda, na siku utando ukishika moto dohani hunguruma kama lori. Sasa kuni zetu hupasuliwa mwaka mmoja kabla, zinapangwa chini ya ukingo wa paa, upepo unapita katikati. Ukigonganisha mbili zinalia kama marimba. Na dohani husafishwa kwa brashi ya waya mara mbili kwa mwaka.

Doa la chumbani halijaisha kabisa. Chumvi za masizi zimeingia ukutani miaka mingi, na kila ukungu ukiwa mzito zinavuta unyevu hewani. Tulikwangua lipu ya zamani na kupaka ya chokaa, likafifia, lakini asubuhi nyingine bado nalitambua umbo lake. Pia mvua ya mawe ya Aprili mwaka huu ilichimbua kiungo kimoja upande wa magharibi, urefu wa kiganja. Mzee atakuja Juni. Pipa la chokaa liko nyuma ya jikoni, limefunikwa maji vidole vinne, na kila Ijumaa baada ya sala Mama hufunua kifuniko, hutazama, akaongeza kikombe kimoja.