Maji kidogo tu: Jumamosi tatu za chokoleti na watoto

Aliyeniambia kwamba kuchovya matunda kwenye chokoleti ni kazi ya dakika kumi, "unayeyusha, unachovya, mnakula," ama hajawahi kuifanya ama hana watoto. Mimi ninao watatu. Wa kwanza ana miaka tisa, wa kati sita, na kitinda mimba minne. Kazi hiyo ya dakika kumi imenichukua Jumamosi tatu. Ya kwanza niliaibika, ya pili macho yangu yalinidanganya, ya tatu ndiyo inayonifanya nitembee kifua mbele hadi leo.

Jumamosi ya kwanza mama yao alikuwa kazini, nami nilikuwa nimeshaahidi tangu Jumatano. Ahadi kwa mtoto wa miaka minne ni deni lenye riba. Alikuwa ananikumbusha kila akiamka. Nikaweka maji kwenye sufuria, nikapachika bakuli la kioo juu yake, nikavunjavunja chokoleti nyeusi ndani. Wakati inayeyuka nikawapa watoto stroberi wazioshe. Nilijiona mzazi hodari kabisa: kila mtu ana kazi, jiko limetulia, harufu imejaa nyumba nzima. Kisha nikafanya ujanja wangu wa kwanza. Nikaona chokoleti inachelewa, nikaifunika kwa mfuniko ili ipate joto upesi, kama ninavyofanya kwa wali.

Nilipofunua, mfuniko ulikuwa umejaa matone, na nilivyouinamisha yakateleza yote ndani ya bakuli. Hayakufika hata kijiko kimoja cha chai. Nikakoroga. Mwanzoni sikuona kitu. Halafu mwiko ukaanza kuwa mzito, kile kimiminika kilichokuwa kinang'aa kama kiatu kipya kikafifia, kikafanya chengachenga, kikajikusanya kuuzunguka mwiko kama ugali unaokaribia kuiva. Wa kati alikuwa ameshachovya stroberi yake mbichi ya maji. Ikatoka na donge upande mmoja na upara upande wa pili.

Nikampigia dada yangu mkubwa, ambaye kwetu sisi ndiye mwenye neno la mwisho kwa lolote linalopikwa.

"Dada, chokoleti imekuwa nzito."

"Mdogo wangu, nawe kitu kidogo hivyo? Ongeza maji kijiko kimoja tu, italainika."

Nikaongeza. Jamani! Ikakaza kuliko mwanzo. Nikaongeza kingine, kwa sababu dada alisema na mimi nina adabu. Ikawa udongo wa kufinyangia vyungu, na sitii chumvi. Kitinda mimba akachota donge, akalifinyanga, akaniletea: "Baba, nimetengeneza nyoka." Ndicho kitu pekee kilichofanikiwa siku hiyo. Watoto walikula stroberi tupu huku wakimpitisha nyoka kwa zamu, kila mmoja anamng'ata mkia.

Usiku nilisoma hadi macho yakauma, maana nilitaka kujua nani mkosaji. Kumbe chokoleti haina maji kabisa, au tuseme kidogo mno. Ni chembe ndogo sana za sukari na kakao zinazoelea ndani ya mafuta yake yenyewe, siagi ya kakao. Tone la maji likiingia, sukari inalinywa, inageuka ulimbo, na chembe zote zinagandamana. Ndiyo maana kijiko kimoja kinaharibu. La kuudhi zaidi ni kwamba dada alikuwa karibu na ukweli: ukizidisha kimiminika cha moto, maji au maziwa, kiasi cha kijiko kimoja cha mezani kwa kila gramu 60 za chokoleti, sukari inayeyuka yote na donge linalegea likawa mchuzi laini. Mchuzi huo ni mtamu kumwagia juu ya matunda, ila hauwezi tena kukauka ukawa ganda. Yaani ushauri wake ungefaa kama angesema "mimina mengi na usahau kuchovya." Sijamwambia bado. Nasubiri siku nzuri.

Kwa hiyo Jumamosi ya pili nilikuja na vita dhidi ya maji. Matunda yalioshwa asubuhi na mapema, yakafutwa moja moja, yakapangwa juu ya taulo hadi mchana. Bakuli likafutwa, mwiko ukafutwa, mikono ya watoto ikafutwa. Maji ya sufuriani nikayaacha yachemke kidogo, kisha nikazima jiko ndipo nikaweka bakuli, na bakuli lisiguse maji. Huo mvuke unaobaki unatosha. Wenye maikrowevu wanaweza kuitumia pia, sekunde thelathini kisha kumi na tano kumi na tano, lakini wakumbuke kwamba chokoleti humo huyeyuka bila kubadili umbo. Unaiona bado vipande kumbe ndani ni uji, unaiongezea muda, inaungua. Nilijifunza hilo pia, kwa harufu.

Safari hii iliyeyuka kama hariri. Tulichovya stroberi, vipande vya chungwa na nanasi. Nanasi likatukataa. Hata ukilifuta namna gani, linaendelea kutoa maji yake lenyewe, na chokoleti ikateleza chini kama soksi isiyo na lastiki. Chungwa lilikubali kwa sababu tulitumia pande zilizomenywa bila kuchanika ngozi yake nyembamba. Wa kwanza ndiye aliyegundua kwamba pande likipasuka hata kidogo basi, liwekwe pembeni liliwe. Nikashangaa jinsi mapande yake yalivyokuwa yanapasuka mengi.

Stroberi zilikuwa nzuri ajabu. Nilipiga picha. Nilimtumia dada. Nikazipanga kwenye friji, tukalala.

Asubuhi wa kati akaja chumbani kwa sauti ya chini, sauti ya kuleta msiba: "Baba, zimeota ukungu." Nikakimbia. Kweli, zilikuwa na madoa meupe kama zimepigwa vumbi la chaki, na ukishika, chokoleti inabaki kidoleni. Haukuwa ukungu, na tulizila zote bila madhara, lakini picha niliyomtumia dada ilikuwa imeshakuwa uongo.

Hapa ndipo penye siri ambayo wanaotoa ushauri wa "yeyusha, chovya" hawaisemi. Siagi ya kakao inapoganda hujipanga kwa fuwele, yaani vipande vidogo vyenye mpangilio maalumu kama chembe za chumvi, na inaweza kujipanga kwa namna sita tofauti. Ni moja tu kati ya hizo, ya tano, inayotupa chokoleti ya kung'aa, ya kukatika kwa mlio, isiyoyeyukia vidoleni. Chokoleti ya dukani imeshapangwa hivyo kiwandani. Mimi nilipoipasha hadi ikawa moto na kuiacha ipoe itakavyo, nilivuruga mpangilio wote, ikajipanga ovyo, kisha mafuta yakapanda juu na kufanya madoa. Sikuwa nimekosea kuchovya. Nilikosea kabla ya kuchovya.

Dawa yake wenye viwanda huifanya kwa mashine, lakini jikoni ipo njia ya kizembe ninayoipenda kuliko zote. Unachukua chokoleti yako, unaweka theluthi moja pembeni bila kuipasha. Theluthi mbili unaziyeyusha hadi nyuzi 45 hivi, au 50 usizidi, kama ni nyeusi. Unaondoa kwenye joto, unaanza kutia ile ya pembeni kidogo kidogo huku unakoroga. Ile ngumu ina fuwele sahihi, nayo inawafundisha wenzake namna ya kusimama, kama kiongozi wa gwaride. Ikipoa hadi nyuzi 31 au 32 ipo tayari. Ya maziwa iwe chini kidogo, 29 au 30.

"Huna kipima joto?" Mimi pia sikuwa nacho. Nilitumia mdomo. Unachota tone kwa ncha ya kijiko safi, unaligusisha chini ya mdomo wa chini. Nyuzi 31 ni baridi kuliko mwili wako, kwa hiyo ukisikia ubaridi kidogo umefika. Ukisikia uvuguvugu, endelea kukoroga. Kisha unapaka kidogo kwenye karatasi. Ikikauka ndani ya dakika tano hivi, inang'aa na haina michirizi, anza. Watoto walipoona nagusagusa mdomo walitaka nao wajaribu, kila mmoja na kijiko chake, na kwa sababu kitinda mimba alikuwa anajibu "bado, Baba, bado" kila mara, tulipoteza kama robo ya chokoleti kwenye vipimo.

Lakini hilo ni la stroberi. Ushindi wangu hasa ni ndizi, na hapa naomba nijisifu kidogo.

Kukoroga na kupima vinamfaa mtoto wa miaka tisa. Wa miaka minne hawezi kusubiri ganda likauke. Anachovya, anaweka chini, anaokota, anageuza, anaweka tena, mwisho tunda lina alama za vidole vyote kumi. Nikajiuliza: kama tatizo ni kusubiri, si tuiweke baridi kwenye tunda lenyewe? Ijumaa usiku nikakata ndizi zilizoiva lakini bado ngumu, nusu nusu, nikazichoma vijiti butu (vile vya mishikaki vyenye ncha nilivinyima kazi, maana kwetu kila kijiti ni upanga), nikazipanga kwenye karatasi ya kuokea zisigusane, nikazitia kwenye friza hadi asubuhi. Chokoleti nikaiyeyusha na mafuta ya nazi, kijiko kimoja cha mezani kwa gramu 200. Mafuta si maji, hayana ugomvi na chokoleti. Yanaifanya nyepesi ikapaka ganda jembamba. Na sikuimimina kwenye bakuli. Niliimimina kwenye kikombe kirefu chembamba. Kwenye bakuli pana unahitaji chokoleti nyingi na bado unazungusha ndizi kama unafua. Kwenye kikombe unaizamisha mara moja mpaka shingoni, unaitoa, basi. Hili la kikombe sikulisoma popote, ni la kichwa changu, na ukilisikia kwa dada ujue amelipata kwangu.

Ulipaswa kuwaona. Ndizi inatoka ikiwa imelowa na kung'aa, na mbele ya macho yako mng'ao unafifia, sehemu nyembamba kwanza, kisha inakuwa ganda. Ni suala la sekunde. Hakuna fuwele wala mdomo wala kipimo, kwa sababu baridi inaikamata chokoleti kabla haijapata muda wa kuharibika, na ndizi zenyewe haziishi muda wa kutosha kupata madoa. Kitinda mimba alichovya ya kwanza, akaishika juu, akaanza kuhesabu kwa sauti. Alipofika kumi na mbili akaigusa na kidole, kikatoka kisafi. Alipiga yowe majirani wakasikia.

Usumbufu pekee ni kwamba ukitaka kunyunyizia kitu uwe mwepesi, la sivyo kinadunda na kumwagika sakafuni. Tuligawana kazi: mdogo anachovya, wa kati ananyunyiza papo hapo nazi iliyokaushwa, wa kwanza anapanga na kusimamia haki. Karanga tuliziacha siku hiyo kwa sababu palikuwa na mtoto mgeni, na mambo ya mzio wa karanga siulizi mtoto, namuuliza mzazi wake. Zabibu pia wanazipenda, zikigandishwa zinakuwa kama peremende, ila za mdogo nazikata kwa urefu kwanza na namwachia zilainike kabla hajala. Zabibu nzima, tena ngumu kama jiwe, kooni mwa mtoto mdogo si mchezo. Na kama mna mbwa, akae nje mpaka mmefagia. Chokoleti ni sumu kwake, na wangu ana masikio yanayosikia kipande kikianguka kutoka chumba cha tatu.

Gharama? Ndizi ni ndizi. Chokoleti ndiyo iliyoniumiza, hasa ile ya Jumamosi ya kwanza, ingawa mtu anaweza kusema nililipia nyoka. Siku hizi kwa ndizi nanunua ile ya kuokea ya bei nafuu, yenye mafuta ya mimea badala ya siagi ya kakao. Inaganda bila masharti yoyote. Utamu wake ni wa pili, lakini ndani ya friza hakuna anayelalamika. Ile nzuri naiweka kwa stroberi, na stroberi tunakula siku ile ile, nje ya friji. Zikilala ndani zinatoka jasho na ganda linabanduka.

Wiki iliyopita dada alikuja kututembelea, akaingia jikoni akitoka kunawa mikono, akainama kuchungulia kikombe. Kitinda mimba akamzuia kwa viganja vyote viwili.

"Shangazi, mikono yako imelowa."

"Aa, mwanangu, ni maji kidogo tu."

Mtoto akamwangalia, akaniangalia mimi, akaenda kuleta taulo. Mimi nilijifanya natafuta kitu ndani ya friza.